Ningu Aliyebebeshwa Mayai

Nekoye alikuwa akipara samaki ufuoni, karibu na pale Mto Sondu unapoingia ziwani, huku Wangu, mchuuzi wa soko la Kibuye, akimsubiri na pikapu. Mvua za masika zikianza, samaki aina ya ningu hupanda mto kutaga. Nekoye huwapasua na kupima mayai kwa kiganja. Mwaka juzi yalijaa kiganja. Mwaka jana hayakujaa hata kijiko, na tangu hapo alikuwa na hofu, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ila kisu chake.

Alipompasua ningu wa kwanza, mayai yalitoka yasiishe. Yalijaza beseni, yakajaza karai, yakajaza gambuti za Wangu.

“Wueh! Nekoye, ongeza sufuria!” Wangu alipiga kelele, miguu mitupu.

“Punguza kisu, mama,” ningu alisema. “Ya chini ni ya mwaka jana. Wenzangu walinipa niwabebee. Njia ya mto imefungwa.”

Aliyeifunga ni Mathews, shemeji yake Nekoye. Alikuwa ametandaza nyavu za macho madogo kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee wa ufuo alimkanya mara moja, akapelekewa samaki, akanyamaza.

“Basi tutayapandisha kwa barabara,” Nekoye alisema. Alimshona ningu kwa uzi wa gunia, akamweka ndooni.

Wanawake wenzake wa ufuoni walipanda pikapu wakiimba, mabeseni mapajani. Wangu aliliomba msamaha kila shimo la barabarani. Karibu na mji wa Sondu waliyamwaga mayai kwenye matete, nayo yakaanguliwa kabla mabeseni hayajainuliwa. Mto ulijaa vifaranga mpaka ukawa mweusi. Vigelegele vilipigwa. Wangu alicheza ndani ya maji, akisahau gambuti zake.

Kisha vifaranga vikafuata mkondo kwenda ziwani, kama kawaida yao.

Waliporudi, Mathews alikuwa amevinasa kwa nyavu zake, anavianika. Turubai lake lilifika hadi barabarani.

“Shem! Mwaka huu Mungu ametukumbuka!”

“Fungua mto, Mathews.”

“Leo? Na vile wanaingia?”

Ningu alitoa kichwa ndooni. “Yamefika?”

Nekoye alitazama turubai.

“Yamefika,” alisema.

“Asante, mama. Basi mwaka ujao nitakuja kwako moja kwa moja. Nitawaambia na wengine.”

Nekoye alimrudisha ziwani, kisha akaketi kusugua mabeseni. Kule mtoni, Mathews alikuwa akifunga wavu wa pili.