Ukamba Mbichi

Gari la Privatus lilikuwa na aibu moja: halikuuweza mlima. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, limebeba watu watano na mikungu yao ya ndizi. Lakini likifika chini ya ule mwinuko mrefu wa kutoka Nyakasimbi kwenda Kayanga lilianza kukohoa, kisha kutetemeka, kisha kugoma kabisa. Hapo Privatus aligeuka nyuma na kusema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Jamani, tushuke kidogo." Abiria walishuka, wakapanda kwa miguu, wakaingia tena kule juu wakihema. Wazee walishuka. Wajawazito walishuka.

Bibi yake, Salvina, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, naye alikuwa ameupanda mlima ule mara nyingi bila kunung'unika. Ila aliona wateja wakipungua. Tena alimsikia mjukuu wake akizungumza kwa simu na bwana mmoja wa Murongo, aliyekuwa akikusanya vijana wa kwenda kufanya kazi ya ghala ng'ambo, Uganda.

"Miaka miwili tu, Bibi," Privatus alimwambia.

Salvina alikuwa na miaka sabini na minne. Aliendelea kumenya ndizi. "Kwanza tulishughulikie gari," alisema.

Mbuzi wake wanne na kahawa yote ya msimu ule vikaishia kwenye injini. Fundi Mwesiga aliipata kwenye gari lililopinduka, bodi yake haifai tena lakini injini nzima. Ile ya zamani ilikuwa ya ujazo wa cc elfu moja na mia tatu. Hii ilikuwa ya elfu moja na mia nane, tena ilikuja na giaboksi yake. Wakasimamisha magogo matatu ya mkaratusi uani kwa Salvina, wakafunga mnyororo, wakaing'oa ile ndogo kwa asubuhi moja.

Kuiweka kubwa ndiko kulikokuwa na kazi. Vishikio vya chuma vinavyoibeba injini, mafundi huviita maunting, havikukutana na matundu ya gari. Vya kununua vilikuwa ghali. Mwesiga akasema, "Tumpelekee mzee Harerimana kule Rugu. Huyo atatutengenezea kwa springi ya lori."

Harerimana alikuwa mhunzi wa majembe na visu vya kupogolea migomba. Watu hawakumpelekea namba. Walimpelekea ukamba wa mgomba uliokatwa kwa urefu wa kitu chenyewe, na yeye aliutundika ukutani karibu na moto mpaka zamu yake ifike. Kazi ikiisha, aliifunga kwa ukamba uleule, mwenyewe aitambue. Privatus alichuna ukamba, akapima kutoka injini hadi tundu la gari, akaukata hapo na kuupeleka.

Vishikio vilirudi baada ya siku tano, vizito, vimenyooka vizuri. Mwesiga akavifunga. Injini ikakaa upande. Feni ikagusa rejeta. Wakalegeza, wakasukuma, wakajaribu tena. Upungufu ulikuwa upana wa vidole viwili, na vidole viwili vya chuma havivutiki.

"Injini siyo," Privatus alisema. Alikaa chini kwenye majani, mikono imejaa grisi. "Nimenunua injini siyo."

"Injini ni sawa," Mwesiga alisema. "Yule mzee ndiye aliyepima vibaya. Macho yamechoka."

"Sawa au si sawa, mimi sina pesa ya kurudia." Akatoa simu, akampigia yule bwana wa Murongo mbele ya bibi yake. "Jumamosi nipo. Ndiyo, Jumamosi." Ilikuwa Alhamisi.

Salvina alichukua kisu chake. Alikwenda kukata majani ya kufunikia chungu, na kwa kuwa ule ukamba wa Harerimana ulikuwa umeachwa chini, aliuokota afungie mzigo. Alipouvuta ukakatika mkononi kama jani kavu. Akautazama. Ulikuwa umejikunja na kusinyaa, una mistari ya mikunjo kama shingo yake mwenyewe. Salvina alikuwa amesuka kamba, ngata na mikeka tangu akiwa msichana. Alijua ukamba uliokaukia mgombani unakuwaje, na huu haukuwa hivyo.

"Privatus. Huu uliuchuna wapi?"

"Hapo mgombani, Bibi."

"Mkavu au mbichi?"

Privatus akafikiri. "Mvua ilikuwa imenyesha. Kamba kavu zote zilikuwa zimeoza. Nikachuna mbichi."

"Ukatundikwa karibu na moto wa mhunzi siku tano."

Mwesiga alicheka, kisha akaacha kucheka, akauchukua ule ukamba na kuugeuza.

Salvina hakutaka ubishi. Alichuna ukamba mwingine mbichi, akaulaza kwenye fimbo, akaikata fimbo kwa urefu uleule, kisha akautundika ukamba juu ya mafiga yake. Asubuhi ya Ijumaa aliushusha, akaulaza tena kwenye fimbo mbele ya wale wawili. Ukamba uliishia njiani. Vidole viwili kasoro kidogo.

"Basi mzee hana kosa," Mwesiga alisema polepole. "Na mimi nimemsema."

"Utamsalimia tu," Salvina alisema. "Inatosha."

Walikwenda Rugu kwa bodaboda mbili, na safari hii Salvina alibeba kipimo cha mwanzi. Harerimana aliwasikiliza mpaka mwisho, akapiga paja.

"Shikamoo, mama. Ukamba mbichi!" akasema. "Na mimi nikaupokea bila kuuminya. Miaka arobaini nauminya kila ukamba, wa huyu nikauacha kwa sababu alikuwa na haraka."

"Kosa ni langu, mzee," Privatus alisema.

"Ni letu. Kaeni. Hii siwatozi."

Mwesiga alimsalimia kwa mikono miwili, akashika mvukuto bila kuombwa. Harerimana, kabla ya kuwasha moto, alihamisha kiti cha Salvina upande usiopelekewa moshi, akamwekea ndizi mbivu mbili kwenye jani. Salvina aliyaona yote hayo. Alikula ndizi polepole huku nyundo ikilia, na kwa mara ya kwanza juma lile hakuhesabu siku.

Jumamosi asubuhi vishikio vilikaa. Boliti ziliingia kwa vidole, bila nyundo. Mwesiga alikata mpira wa tairi kuukuu akauweka kati ya chuma na chuma, akajaza maji na oili, akamwambia Privatus awashe. Injini ilishika mara ya pili, ikatulia ikinguruma taratibu.

"Usisahau kuipeleka ikakaguliwe, kadi ibadilishwe namba ya injini," Mwesiga alisema, akijifuta. "Sasa tukaone mlima."

Privatus hakutaka kwenda na gari tupu. Alimwita jirani yao Agnetha na dada zake wawili, Mwesiga akaingia, na Salvina akakaa mbele. Nyuma wakatia mikungu sita. Barabarani Mwesiga aliitegea injini sikio. Chini ya mwinuko Agnetha alishika kitasa cha mlango kwa mazoea.

"Dada Agnetha, kaa," Privatus alisema.

"Nikae? Na unene wangu huu?"

"Kaa nao."

Alipunguza gia. Gari likainua pua, likashika udongo, likapanda. Katikati, pale lilipozoea kufa, Salvina alikaza miguu kama anayelisukuma kwa ndani. Halikufa. Lilipanda likivuma sauti moja, migomba ikipita dirishani, hadi upepo wa juu ukawapiga usoni. Nyuma wakapiga vigelegele. Mmoja akasema kumbe mlima wenyewe ni mfupi hivi.

Privatus aliegesha kando, akazima, akatoa simu. Akaitafuta namba ya yule bwana wa Murongo.

"Halo, bwana. Nisamehe, leo siji," alisema. "Hapana, wala mwezi ujao. Kazi ipo huku."

Salvina alitazama mbele, bonde lote la Karagwe limefunguka chini yao. Alitoa pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Alhamisi, akavua ndala, akanyoosha miguu kadiri gari lilivyomruhusu.

"Twende basi," alisema. "Wenzio wana ndizi za kuuza."