Mtungi Uliojaa Hadi Shingoni

Fundi cherehani alipotaka kutengeneza mvinyo wa asali kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, kwanza alimwomba mumewe ruhusa, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliponyoa nywele zote. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameacha pombe tangu kitinda mimba wao anatambaa, na kabla hajaiacha nusura pombe hiyo iondoke na lori, kitanda na ndoa yenyewe. Mume alicheka. Akamwambia autengeneze tu, yeye si paka na mvinyo si samaki.

Basi mama wa watu akajitosa. Hakuwahi kutengeneza hata togwa. Aliyeyusha asali kwenye maji ya uvuguvugu, akatia hamira, akamimina kwenye mtungi wa kioo na kuujaza hadi shingoni, maana mtu aliyezoea kubana kitambaa haachi nafasi ikae bure. Hapo ndipo alipoharibu, ila nani wa kumwambia? Akaubana kwa kizibo chenye mrija wa kutolea hewa, akaufungia kwenye kabati la jikoni.

Siku ya tatu alirudi kutoka dukani kwake akamkuta mumewe kifua wazi, anafua shati. Mwanamume yule na kufua ni mbingu na ardhi. Akasogea kumsalimia, na harufu ya pombe ikampiga usoni kabla ya salamu kujibiwa. Mume alipotoka kuanika, mke alifungua kabati haraka. Mtungi ulikuwa umepungua, tena si kidogo.

Alilifunga kabati polepole. Alipika, wakala, na alipoulizwa mbona yuko kimya akasingizia kichwa. Moyoni alikuwa ameshafika mbali: ameshamwona mumewe akilala barabarani, na ameshajilaani yeye mwenyewe kwa kumletea adui mpaka jikoni.

Asubuhi, mume akiwa nje anakagua matairi, mke aliamua kuumwaga mvinyo wote. Mdogo wake na aoe kwa soda. Akauvuta mtungi kwa hasira, ukagonga ukingo wa kabati, ukatikisika. Kilichofuata hakukitegemea. Povu lilipanda, likarusha kizibo na mrija wake, likamrukia kifuani, usoni, mpaka kwenye kilemba. Alibaki ameukumbatia mtungi, ananata na kunuka kama baa.

Akiwa anajifuta macho ndipo alipotazama juu ndani ya kabati. Dari yake ilikuwa imejaa matone yaliyokaukia, ya jana.

"Na wewe umeanza?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

Hakuwa anacheka.

"Jana ulikurukia hivi hivi?"

"Hivi hivi. Nilikuwa natafuta chumvi."

"Sasa mbona hukuniambia, baba watoto?"

Mume alitazama mikono yake yenye grisi. "Zamani nimekudanganya mara ngapi nikiwa nanuka hivyo? Ningekwambia mtungi umenimwagikia, ungeniamini?"

Mkewe alitamani sana kujibu ndiyo. Lakini uongo ungekuwa matusi, tena kwa mtu aliyejikaza miaka yote hiyo.

"Nisingekuamini," alisema. "Nilijua umerudia. Nisamehe."

Akautua mtungi sakafuni, akaanza kulia, na kilio chenyewe kikawa kitamu, kile cha mtu aliyetuliwa mzigo ambao alishaanza kuuzoea. Mume alivuta kigoda akakaa, akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

"Mimi mwenyewe sijalala," alisema. "Usiku kucha nilikuwa nasikiliza kama unafungasha nguo."