Lami ya Kasingwe

Jumanne moja saa nne asubuhi, katika kibanda chake cha ufundi pale Gungu, Telesphory alikuwa anajaza mawese kwenye shokapu za gari la rimoti la Injinia Mwinshehe. Shokapu zilikuwa nne, kila moja na urefu wa kidole, na mawese aliyatia kwa bomba la sindano lililong'olewa sindano. Alijaza, akabana, akaachia, akatazama kapovu ka hewa kakipanda, akajaza tena. Kazi hiyo haitaki pupa. Kapovu kamoja kakibaki ndani, gurudumu linadunda, na Injinia anakuja kulalamika kwa ile sauti anayoiweka kwa ajili ya watu asiowaheshimu, yaani karibu watu wote.

Lilikuwa gari la wanaoanza, chasi ya plastiki, bodi jembamba lenye michoro ya mashindano, na chini lilikaa kiasi kwamba kidole hakipiti. Gari la lami tupu. Kijiwe cha ukubwa wa punje ya mahindi kingetosha kulipindua. Injinia alikuwa ameling'oa mota yake ya brashi na kulitia mota kali isiyo na brashi, asiguse kitu kingine chochote. Hivyo ndivyo alivyofanya mambo yake yote: nguvu kwanza, akili baadaye ikipatikana. Matokeo yake gari lilikuwa linakwenda kasi na halijui linakokwenda, na kila Jumamosi, kwenye uwanja wa saruji ambapo yeye na mabosi wenzake walishindanisha magari yao, lilizunguka kwenye kona ya kwanza likawatazama wenzake waliokuwa nyuma. Miezi mitatu alikuwa wa mwisho. Mtu mzima, mwenye shahada na dereva wa ofisi, alikuwa hali vizuri kwa sababu ya kitu cha kilo moja na nusu.

Telesphory alimdharau, na alilifanya gari vizuri. Alitoa bushi za plastiki akaweka beringi. Alibadili pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, akaweka ndogo zaidi, ili mota ipunguze wazimu. Difu ya mbele aliipakia grisi nzito. Matairi aliyainamisha ndani kidogo kwa juu, yakanyage vizuri kwenye kona. Yakabaki mafuta ya shokapu, ambayo ya dukani huagizwa Dar es Salaam na hufika yakitaka, kwa hiyo alitumia mawese. Mawese huganda asubuhi ya baridi na kulegea mchana, akayachanganya na mafuta ya cherehani, akawa anadondosha tone kutoka kijikoni na kuhesabu. Likianguka kwenye nne, ndiyo yenyewe.

Mawese yalitoka kwa mama yake mkubwa, Regina, aliyemlea na ambaye bado aliishi naye kule Kasingwe, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Gungu. Regina alikuwa na michikichi arobaini na minne. Sasa alikuwa nayo mitatu. Ile arobaini na mmoja ilikatwa kupisha barabara ya lami ya Gungu hadi Kasingwe, na hii mitatu ilipona kwa sababu mwenye msumeno alienda kula na hakurudi. Ukutani mwa nyumba ya Regina walichora alama ya X kwa rangi nyekundu. Kisha mkandarasi akaondoka, na barabara haikujengwa hata hatua moja.

Hata hivyo, ilizinduliwa. Msimamizi wake alikuwa Injinia Mwinshehe, naye aliandika kwamba imekamilika. Wageni walipokuja kuzindua walishindwa kufika Kasingwe kwa sababu ya tope, basi utepe wakaukatia ukumbini Gungu, wakapiga makofi, wakala pilau.

Regina hakudai makubwa. Alikuwa na miche ya michikichi arobaini na mmoja, ameiotesha kwenye vidumu vilivyokatwa shingo, na alitaka kuirudisha ardhini palepale walipokatwa mama zake. Mara tatu alikwenda ofisi ya barabara kuomba, wakamfungulia faili. Mara tatu Injinia alimwuliza, bila kumwamkia, atapandaje miti katikati ya barabara. Miche ilikuwa imeshapita misimu miwili kwenye vidumu na mizizi ilikuwa inatokea chini. Isipoingia ardhini mvua hizi, imekwisha, na Regina hakuwa na umri wa kuotesha mingine.

Ndiyo maana Telesphory alilipokea gari lile. Injinia alikuwa amemwambia, "Fundi, nishindie hii kitu, nami nitalitazama faili la mama yako."

Ijumaa saa kumi jioni Telesphory alilibeba gari kwenda nalo Kasingwe kulijaribu. Uani kwa Regina palikuwa na sakafu ya saruji ya kuanikia mise, ile kokwa ya chikichi inayobaki baada ya mawese kukamuliwa, iliyoinuka kiasi cha goti. Ilikuwa fupi, lakini ndiyo saruji pekee Kasingwe nzima. Akaliweka gari, akavuta kidole kwenye rimoti. Gari lilienda, likafika ukingoni, likapita. Halikuanguka. Liliendelea mbele kwa kimo kilekile, goti moja juu ya tope, likivuma ule mvumo wa tairi juu ya lami. Likapita sawasawa mahali ilipokuwa safu ya kwanza ya michikichi, likakata kona ambayo haikuwepo, likaanza kuvuka bonde la kijito.

Kwenye bonde lilikuwa juu kuliko kichwa cha mtu, kwa sababu mchoro wa barabara ulitaka bonde lijazwe na daraja liwekwe. Veneranda, jirani yao, alikuwa anapanda kutoka kijitoni na beseni la dagaa kichwani. Alichutama kidogo, gari likampita, akasimama tena.

"Injinia amekuja?" akauliza alipofika uani.

"Bado. Ni gari lake tu."

"Haya," alisema Veneranda, akaenda kuanika dagaa wake.

Regina alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Alitazama gari likienda na kurudi, mara mbili, akaweka ungo chini.

"Kumbe ndipo ilipo," akasema.

Telesphory hakushangaa kwamba barabara ipo. Ilikuwa na nyaraka, mihuri, picha ya utepe. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Ng'ambo ya kijito, baada ya kona ya pili, gari liliruka kama limekanyaga shimo. Alilirudisha polepole, likaruka tena palepale. Alilifungua, akakagua springi, akadondosha mawese kijikoni, tone likaanguka kwenye nne. Gari halikuwa na kosa. Alilipitisha mara ya tatu huku akitega sikio, ndipo akaelewa. Pale lami ilikuwa nyembamba na kokoto chini yake hazikutosha. Walikuwa wamejenga barabara ya karatasi, ambayo kokoto zake hazikugharimu kitu, na hata hizo waliziiba. Telesphory alitema mate pembeni. Alikuwa amewadharau watu hawa miaka mingi na sasa aliona alikuwa anawapunja.

Regina yeye aliona jambo jepesi zaidi, na uso wake ulichangamka kuliko siku yoyote tangu msumeno.

"Mwana wanje, barabara yao iko juu," alisema. "Haijagusa udongo wangu. Mimi nitapanda huku chini. Mwite aje aone mwenyewe."

Injinia Mwinshehe alikuja kesho yake asubuhi kwa gari la ofisi, ambalo lilikwama njiani mara mbili. Alifuatana na Shadia, karani wake, aliyebeba faili na viatu vyake mkononi. Injinia alikuwa na umri wa kuweza kuzaliwa na Regina, lakini alisubiri aamkiwe.

"Mwakeye, Injinia," Regina akamwamkia, kwa kuwa ana shida.

"Salama. Gari liko wapi?"

Akapewa rimoti. Telesphory alikuwa na matumaini madogo, akijidharau kwa kuwa nayo, kwamba mtu huyu akiiona barabara yake hewani ataona aibu. Injinia aliliendesha mpaka ng'ambo ya kijito na kurudi, meno yote nje.

"Linashika kona!" alisema. "Fundi, linashika kona!"

"Linashika."

"Umeona, Shadia? Na watu wanasema sikujenga."

Regina akajisogeza mbele, mikono ameifumbata tumboni kama mtu aliye kanisani. "Injinia, barabara yako nimeiona. Ni nzuri. Iko juu. Huku chini hakuna kitu chako. Naomba nipande miche yangu."

"Mama, mchikichi unakua kwenda wapi?"

"Juu."

"Na juu kuna nini?"

Regina alitazama juu.

"Utanitobolea lami," Injinia alisema, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Kisha akamgeukia karani wake. "Andika. Barabara imekaguliwa kwa gari. Inapitika."

"Gari la aina gani?" Shadia aliuliza, kalamu mkononi.

"Fomu inauliza aina?"

"Hapana, Injinia."

"Basi andika gari."

Shadia aliandika. Injinia alilipeleka gari tena, na safari hii alikuwa na utulivu wa kutosha kuliona likiruka ng'ambo ya kijito.

"Hapo vipi?"

"Kokoto zilipungua hapo, Injinia," Telesphory alisema. "Hata kwenye karatasi walizipunguza."

Injinia alimtazama. Si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeongea lugha ya mbali. "Ni shokapu zako hizo, fundi," akasema. "Rekebisha. Nikipita hapo bila kuruka, kweli nalitazama faili la mama."

Telesphory alirekebisha. Angeweza kukataa, na usiku na mchana alijiambia kwamba angeweza. Lakini vidumu vilikuwa arobaini na kimoja ukutani, na mvua zilikuwa zimeanza kunguruma upande wa Kongo. Alitoa mchanganyiko kwenye shokapu za nyuma akajaza mawese matupu, mazito, yaliyochujwa kwa kanga ya Regina mara mbili. Alilegeza springi nusu mzunguko. Akainua chasi kwa unene wa ukucha. Alifanya kazi hiyo kwa siku tatu, na ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Jumamosi iliyofuata gari lilipita ng'ambo ya kijito kama linapita juu ya maji yaliyotulia. Injinia alilipitisha mara kumi. Hakuna kilichoruka, hakuna kilichosikika. Shadia aliandika kwamba kasoro haipo. Jumamosi hiyohiyo jioni Injinia alishika nafasi ya kwanza mbele ya mabosi wenzake, na Jumatatu alitimiza ahadi yake. Aliliagiza faili la Regina, akalifungua, akalitazama, akalifunga.

Wale mabosi walipolijua jambo la Kasingwe waliuacha uwanja wa saruji, wakahamia uani kwa Regina. Magari yao yalijaribiwa, yakaanguka topeni, mpaka Telesphory alipoyatia mawese ya Regina. Mawese ya kutoka Ilagala yalijaribiwa pia, na hayakufaa. Kwa hiyo ofisi ikaandika barua kwamba michikichi mitatu iliyobaki ni mali ya barabara, isikatwe wala matunda yake yasiuzwe, na Regina anaruhusiwa kuendelea kuyakamua. Siku hiyohiyo kilisimikwa kibao uani kwake, kando ya sakafu ya mise: BARABARA YA LAMI. UZITO MWISHO KILO MBILI. Kwa kuwa alama ya X ilikuwa imefifia, waliipaka rangi upya.

Mvua zilifika. Barabara ya chini ikawa tope la magotini, na wagonjwa wa Kasingwe waliendelea kubebwa mgongoni hadi Gungu, wakipita chini ya ile lami. Vidumu vilipasuka kimoja kimoja kwa nguvu ya mizizi. Miche ilikuwa bado imesimama lakini majani yalikuwa ya njano kuanzia ncha, na Regina aliacha kuimwagilia, kwa kuwa sasa ilikuwa inanyeshewa.

Jumamosi moja asubuhi mabosi walikuwa wamepanga viti vyao chini ya turubai, rimoti mapajani. Regina alitoka upande wa michikichi na beseni la chikichi, akitaka kuvuka kwenda jikoni kwake. Alisimama kwenye ukingo wa ile barabara ya hewani, mvua inamchuruzika usoni, akangoja. Gari la kwanza likapita mbele ya magoti yake, na la pili, na la tatu.

"Yameisha?" akauliza.

"Bado moja, mama mkubwa," alisema Telesphory, aliyekuwa amechuchumaa karibu na bomba lake la sindano.

Lilikuwa la Injinia. Wote wawili walilifuata kwa macho, likavuka bonde, likakata kona ya pili, likapita palipokosa kokoto. Lilipita laini.

"Siku hizi haliruki," Regina alisema.

"Oya, haliruki. Nililirekebisha."

"Ego," aliitikia. "Umelirekebisha vizuri."

Hakumtazama. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akakaza beseni kichwani, akavuka ua wake.