Sahani ya Maini kwa Nizar

Baba yangu, Elieza, alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Hata aliposali peke yake chumbani alisali kwa sauti ya mtu mwenye wasikilizaji. Kwa hiyo Ijumaa ile alipotangaza kwamba kesho familia nzima itashuka mjini kunywa chai ya asubuhi kwenye hoteli ya Nizar, sikushangaa. Nilishangaa aliposema, "Na Lemburis atakuwepo."

Kaka yangu Lemburis alikuwa murrani, kijana wa rika la mashujaa. Enzi hizo za Mwingereza, huko kwetu Olmotonyi, nyumba moja iliweza kuwa na mzee wa kanisa aliyevaa koti na kijana aliyepaka nywele udongo mwekundu, wakatoka mlango mmoja asubuhi. Baba alikuwa amebatizwa. Mama naye alibatizwa akaitwa Marta, na mimi Nanyori nilikuwa nangoja zamu yangu. Lemburis alikataa. Hakukataa kwa ufidhuli, alisema tu kwamba rika lake linamhitaji, na ni kweli lilimhitaji. Vijana wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba yeye ndiye atakayekuwa laigwanani wao, yaani msemaji na kiongozi wa rika zima mpaka wazeeke. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu asimikwe.

Mtu hawi laigwanani kwa wingi wa ng'ombe. Hutafutwa kijana asiye na doa. Na kwa murrani, doa ni jambo ambalo wengine wangeliona dogo kabisa: kula nyama mbele ya mwanamke aliyeolewa, hata akiwa mama yake mzazi. Mama yake hasa. Vijana walikwenda kula nyama zao porini, mbali na macho ya wake za watu. Macho ya msichana kama mimi hayakuwa na neno, na chai pia haikuwa na neno. Ndiyo maana Lemburis alikubali kuja. Baba alikuwa amemwambia, "Tunywe chai kama familia, kisha twende mnadani nikuchagulie dume la sherehe yako." Kaka alifurahi mpaka nikamwonea huruma. Tangu baba aingie dini, hilo lilikuwa neno jema la kwanza kumwambia.

Tulishuka kwa miguu kabla jua halijakolea, Lemburis mbele na fimbo yake, baba nyuma yake na koti lake, mama na mimi mwisho, mdogo wetu akiwa amelala mgongoni kwa mama. Mama alikuwa amevaa kanga mpya. Njia nzima aliniuliza kama hotelini mtu hunawa kwanza au huagiza kwanza.

Kwa Nizar kulikuwa kumejaa, kama kila Jumamosi ya soko. Makarani, madereva wa malori, wakulima wa kahawa kutoka Akheri, wote walibanana kwenye mabenchi na kupigiana kelele juu ya birika za chai. Mjini palikuwa na hoteli za Wazungu ambazo sisi tusingethubutu hata kusimama mlangoni, kwa hiyo hii ya Nizar ndiyo ilikuwa Ulaya yetu. Mama alikaa ukingoni mwa benchi kana kwamba ameliazima. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akaonja, akacheka kidogo.

"Wanatia sukari kama hawataiona kesho," akasema.

Lemburis naye akacheka. Nje ya mlango walisimama wenzake wachache wakimngoja waende naye mnadani, na aliyekuwa mbele yao alikuwa Simel, rafiki yake wa tangu uchungaji wa ndama. Kaka alikuwa akiwainulia kikombe kwa utani. Sijawahi kuiona familia yetu ikiwa na furaha namna ile, na ninachukia kwamba nilifurahi pamoja nao.

Nizar akaja mwenyewe na sahani. "Mzee Elieza, maini yako haya, kama ulivyoagiza jana."

Jana. Baba alishuka mjini jana yake akatuambia anafuata dawa ya mibuni.

Yalikuwa maini ya kukaanga, yamerundikwa vitunguu, yanatoa moshi. Mama aliyaona kwa mbali yakija akajigeuza ukutani upesi na kujifunika kanga usoni. Baba akaisukuma sahani mpaka mbele ya Lemburis.

"Kula, kijana."

"Niruhusu nikale nje, baba," Lemburis akasema kwa upole.

"Utakula hapa hapa. Mama yako amekunyonyesha, leo unaona kinyaa kula mbele yake?"

"Sioni kinyaa. Unajua ni kwa nini."

"Najua," baba akasema. Kisha akapaza sauti ili makarani wasikie. "Jamani, mnamwona huyu? Mji una taa za umeme, na dume zima linaogopa macho ya mama yake!"

Watu wakacheka. Nizar naye akacheka, kile kicheko cha mwenye duka kwa mteja wake. Lemburis akasimama, akachukua fimbo yake. Hapo baba akasema neno moja kwa sauti ya chini, na baba hakuwa mtu wa sauti ya chini.

"Ukivuka mlango huo, mama yako harudi nyumbani. Anatoka hapa kwenda kwa kaka zake, na huyo mtoto wa mgongoni anabaki kwangu."

Kaka akamtazama mama, ambaye uso wake bado ulikuwa ukutani, na mtoto aliyelala kinywa wazi. Akaketi. Kisha akamwambia mama taratibu, kwa jina tunalowaita mama zetu kwa lugha yetu, "Yeyo, fumba macho. Usifumbue mpaka nimalize."

Nilielewa. Kama mama hakuona, Lemburis angeweza kumwapia Simel kwamba mama hakuona, wala isingekuwa uongo. Kilikuwa kitu chembamba cha kushikilia, lakini kilikuwepo.

Mama akafumba. Baba akamshika bega, akamgeuza, kanga ikamdondoka.

"Marta. Tazama."

Mama akatikisa kichwa, kope zimebanwa mpaka uso wote umejikunja.

"Tazama, ama hukusikia niliyosema kuhusu mtoto?"

Akafumbua macho. Kaka akala.

Alikula vipande vyote, bila haraka, akimtazama mama, na mama akimtazama yeye, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye chai. Kicheko kilikuwa kimekwisha mezani kwa watu. Simel alikuwa ameingia hatua moja ndani. Hakumwangalia Lemburis kabisa. Alimwangalia mama, akahakikisha macho yake yako wazi, kisha akageuka akawaambia wenzake neno, wakaondoka kuelekea mnadani bila kelele. Baba akaagiza sambusa.

Simel ndiye aliyesimikwa. Kaka alitozwa faini na wenzake, nao wakaipokea kwa heshima, lakini uongozi haukurudi. Siku ambayo kila mama alimnyoa mwanawe zile nywele za umurrani, mama yangu alishinda nyumbani akichambua maharage. Lemburis alikuwa amejinyoa mwenyewe, vibaya, kichwa kizima kina mikwaruzo. Baadaye alibatizwa, akavaa shati, akaketi kanisani karibu na baba, na baba akawa anamwonyesha watu kama ng'ombe aliyeshinda mashindano.

Baba alisema alifanya vile kwa ajili ya Mungu. Mungu asisingiziwe. Hata mchungaji alipopata habari alimwambia kwamba hakuna aliyemtuma. Mimi najua kitu kingine, maana shangazi alinieleza: katika rika la baba, jina lake lilitajwa kwa ulaigwanani, kisha likaachwa, na tangu hapo hakuweza kumsikia mtu akisifiwa bila kukohoa.

Lakini lililoniuma zaidi ni la kaka. Baada ya siku ile alikula nyama mbele ya mwanamke yeyote: mbele yangu nilipoolewa, mbele ya wake za jirani, mbele ya wake za wachungaji. Mbele ya mama, hapana. Mama akitokea, Lemburis alichukua sahani yake na kwenda migombani. Hakumtukana hata siku moja. Alimjengea jiko, alimnunulia mashuka, na hakula mbele yake hata kiazi. Wajomba zangu husema mama angefumba tu macho, mambo yangekwisha. Ni rahisi kusema hivyo kwa wanaume ambao hawajawahi kutishiwa kunyang'anywa mtoto.

Mama aliugua kifua Mwingereza akiwa bado hajaondoka. Alipofikia hatua ya kuinuliwa ili anywe maji, Lemburis alikuja akaketi kando ya kitanda. Nilikuwa nimempikia kaka nyama ya mbuzi, nikampa hapo hapo. Nilifanya makusudi.

"Kula, mwanangu," mama akasema. "Hata kipande kimoja, nikuone."

Kaka akaishika sahani muda mrefu. Nilimwomba Mungu wa baba na yule wa babu pia.

"Ulishaniona, Yeyo," akasema. "Na ulitazama vizuri."

Akaiweka sahani chini, akatoka nje. Mama akajigeuza ukutani, akavuta kanga akajifunika uso, na sikuuona tena uso ule ukiwa hai.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Baada ya kitambo akauliza kama ile nyama ina mwenyewe. Akaivuta sahani, akala.