Watoto Kwenye Karatasi za Vitumbua

Faili halikufunguka. Castory akabofya tena mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa choo chenye mtu ndani. Kompyuta ikamjibu kwamba haijui hicho kitu ni nini.

"Hujui?" aliiuliza kwa sauti. "Si jana tulikuwa nacho, mimi na wewe?"

Jana mafaili yote kwenye kioo yalikuwa na rangi zake. Asubuhi hii ya Alhamisi yalikuwa meupe, matupu, kama mayai. Kila jina lilikuwa limeota mkia wa herufi nne zisizosomeka. Barua za kuomba kazi, kadi za harusi, ratiba za mazishi, mtihani wa darasa la nne, vyote vina mkia. Na lile alilokuwa akilitafuta, aliloliita BIBI MWISHO KABISA 2, nalo lilikuwa na mkia.

Ndani ya kila folda kulikuwa na barua ambayo hakuiandika yeye. Ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza cha Castory kilikuwa cha kwenye vitufe tu, lakini dola alizijua, na saa sabini na mbili alizielewa.

Alichomoa flashi yenye nakala ya akiba, akaipuliza, akaichomeka tena. Mayai matupu. Flashi ilikuwa imebaki kwenye kompyuta tangu jana mchana.

Duka lake lilikuwa Sofu, Kibaha: chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi inayokohoa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alitoka Muleba na darasa la tano, la sita akaliacha hukohuko. Mwalimu wake alikuwa na tabia ya kuinua daftari lake mbele ya darasa na kusema, "Hapa amepita kuku." Siku Castory aliponunua kompyuta, alimzika yule kuku. Hakuna mtu Kibaha aliyewahi kuona mwandiko wake. Hata kile kikaratasi cha mlangoni, NIMEENDA KULA NARUDI, alikipiga chapa.

Faili lililofungwa lilikuwa la Bi Mwanakheri, mkunga wa Marui, kule Kisarawe. Yeye hakusoma wala kuandika. Kwa miezi minne alikuja kila wiki na mfuko wa mihogo, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akawataja watoto aliowapokea kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, tangu wa kwanza. Castory alipiga chapa anavyosema. Wa thelathini na nane, Nuria, alizaliwa saa sita ya jua kali, mama yake akimtukana baba yake matusi yote anayoyajua. Wa mia na nne, Mashaka, alitanguliza miguu, na mpaka leo hana subira. Walifika mia tatu na kumi na saba.

Jumanne alikuja kusomewa kwa mara ya mwisho. Castory alichapa karatasi ishirini na saba, akamsomea zote, akasahihisha kwenye kompyuta alipoambiwa asahihishe. Bi Mwanakheri alipumua kama mtu aliyetua ndoo.

"Sasa wako kwako," alisema. "Mimi usiku nilikuwa nawahesabu wasije wakanipotea. Tangu nianze kukupa wewe, nalala. Wa huku mwanzoni nimeshaanza kuwasahau, na sijutii."

Jumamosi watoto wake wangekusanyika Marui kumshukuru, wengine wana wajukuu. Kila mmoja alitaka kuusikia mstari wake. Castory alikuwa ameahidi kitabu.

Saa nne alifika Gideon, fundi kompyuta wa Maili Moja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya wa intaneti. Cha pili ni kuuliza.

"Mzee wangu, jana ulipakua nini?"

Castory alitazama chini. Alitaka jalada zuri. Alitaka maua pembeni na herufi zinazojipinda kama moshi wa udi. Programu ya kazi hiyo inauzwa. Akaona mahali inatolewa bure, watu wameshaivunja kufuli. Maelezo yakasema azime kwanza kinga ya virusi, la sivyo itakataa.

"Ukaizima?"

"Nikaizima."

"Mzee Castory. Mwizi anakwambia mfunge mbwa kwanza, unamfunga, halafu unamkaribisha chai?"

"Ikaandika inajisasisha," Castory alijitetea. "Asilimia kumi, asilimia ishirini. Feni inavuma kama lori la mchanga linapanda mlima. Nikasema niiache imalize, nikaenda zangu nyumbani."

"Ile ilikuwa picha ya kukubembeleza. Huku nyuma ilikuwa inapita faili kwa faili, inafunga makufuli. Zile nakala za zamani ambazo kompyuta hujiwekea yenyewe, ikazifuta. Ikaona flashi, ikaingia na kwenye flashi. Ilipomaliza ndiyo ikakuandikia barua."

"Nikiwalipa?"

"Wanaweza wakakupa ufunguo, wanaweza wakakucheka. Na watajua Sofu kuna mzee analipa, watarudi. Usilipe. Hii diski naitoa, ifunge vizuri uitunze. Kuna funguo nyingine huwa zinapatikana baadaye, wataalamu wanazitoa bure. Tutajaribu. Ila kwa Jumamosi hii, sahau."

Simu ikaita. Ilikuwa ya Marui. Castory aliitazama ikiita mpaka ikakaribia kukata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huko wazima? Kitabu kimefika wapi? Huku ng'ombe kashapatikana."

"Kiko jikoni, bibi," alisema Castory, akakata haraka.

Hajira aliyasikia yote. Alikuwa anauza vitumbua mlango wa pili, kwenye kibanda cha mabati, na ukuta wa kati ulikuwa mbao tu. Akaja na kitumbua cha moto, akamwekea mezani.

"Kula, kaka Kasto. Mtu hafi kwa kompyuta. Kula kwanza, ndiyo ulie."

Castory akakifungua. Akaacha mdomo wazi, kitumbua hakukila. Kwenye karatasi, chini ya mafuta, palisomeka: *Wa mia mbili na sita, Tito, alizaliwa njiani tunakwenda kwa shangazi yake. Kitovu nilikifunga kwa uzi wa kikapu.*

Karatasi zilizokwisha kazi alimpa Hajira siku zote, za kufungia. Jana asubuhi, masahihisho yote yakiwa kwenye kompyuta, alimpa bunda la Jumanne.

"Hajira! Zingine ziko wapi?"

"Zingine zimekwenda na vitumbua."

"Zilizobaki?"

Zilikuwa kumi na moja, chini ya sufuria, kavu. Castory alizikumbatia kifuani kama mtu aliyeokota mtoto barabarani. Ukiacha ile ya Tito, kumi na tano zilikuwa zimetoka na wateja.

"Lakini usihofu sana," alisema Hajira. "Hawakuzitupa hizo. Jana wateja walinisumbua! Mtu anafungua kitumbua, anasoma, anacheka, anarudi: dada, nipe mtoto mwingine. Mwalimu wa shule ya hapo juu kala vitumbua sita, na daktari kamkataza mafuta."

Castory akabandika kile kikaratasi mlangoni, NIMEENDA KULA NARUDI, wakatoka wote watatu, Gideon nyuma na mkoba wake wa bisibisi. Hajira ndiye aliyeongoza. Yeye hakuwa na kompyuta, lakini alimjua kila mteja na alichonunua.

Kwa fundi cherehani walipata mbili, zimekatwa kuwa patroni ya kola. Castory alizipokea, akamwomba na pini. Mwalimu alitoa nne kutoka ndani ya kitabu cha Hisabati, akasema haziachii mpaka aambiwe kama yule mtoto wa hamsini na tisa alipona surua. Castory akamwambia alipona, sasa anafuga nyuki. Mama mmoja alikuwa amefunikia maziwa. Mwingine alikuwa amempa mtoto wake atengeneze ndege; ndege ikashushwa kutoka juu ya bati kwa fimbo.

Kijiweni walimkuta Mashaka wa bodaboda. Alikuwa ameibandika karatasi yake kwenye tangi la mafuta kwa gundi.

"Hii sitoi, mzee baba. Huyu ni mimi kabisa. Mashaka, katanguliza miguu, hana subira. Abiria wote wanaisoma."

"Huyo ni Mashaka wa Marui. Wewe umezaliwa hospitali, mama yako kaniambia," alisema Hajira.

"Sasa si wajina wangu? Damu hiyo!"

"Bwana mdogo," alisema Castory, "hiyo karatasi ikikosekana Jumamosi, kuna bibi wa miaka themanini atanitazama machoni. Nitakupa nakala."

Mashaka akakuna kichwa. "Nakala ya rangi?"

"Ya rangi sina. Nyeusi."

"Poa. Ila nakupeleka mimi Marui. Nataka nimwone wajina."

Mpaka jua linashuka walikuwa na karatasi ishirini na tano. Mbili hazikuonekana. Moja ilinunuliwa na abiria wa basi la Morogoro. Nyingine, Hajira alikiri kwa sauti ndogo, aliwashia jiko asubuhi kabla hajajua thamani yake.

Ijumaa walifanya kazi kwa mashine ya fotokopi.

"Hii haina virusi," alisema Gideon, akiifuta kioo. "Ina vumbi tu."

Karatasi zilizofunga vitumbua zililowa mafuta, kwa hiyo kila moja ilitoka na duara la kijivu, mahali palipokaa kitumbua. Masahihisho ya Jumanne hayakuwemo. Jalada halikuwa na maua. Pale palipokosekana karatasi, Castory aliweka karatasi nyeupe, mbili kwa kila kitabu, akafunga kwa uzi wa fundi cherehani. Kitabu cha bibi alikitengeneza kwa karatasi zenyewe za vitumbua.

Jumamosi asubuhi walikata Kiluvya, wakaingia Kisarawe, wakashika barabara ya vumbi kwenda Marui. Castory alikaa nyuma ya Mashaka, boksi la vitabu mapajani. Njia nzima alikuwa akipanga atakavyosema. Walipofika, uwanja ulikuwa umejaa watu na moshi wa pilau, na maneno yote yakamtoka.

Bi Mwanakheri alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Akapapasa ukurasa. Akaunusa.

"Mbona watoto wangu wananukia iliki?"

Castory akamweleza yote, kufuli, barua, kinga aliyoizima mwenyewe. Hakujificha nyuma ya kompyuta. "Na ishirini na nne hawamo, bibi. Nimewapoteza mimi."

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka.

"Mia tatu wameingia kwenye kitumbua na wakatoka," alisema. "Haya, tafuteni mistari yenu. Msiojiona humo, piteni mbele!"

Vitabu vikagawiwa, vikafunuliwa, na waliojikosa wakapita. Baba wenye mvi, mama wenye watoto mgongoni, askari mmoja aliyekuja na kombati zake. Wa kwanza alikuwa mwanamke mnene, mcheshi. Castory akamweleza Bi Mwanakheri kwamba hawezi kuandika, kompyuta imebaki Kibaha.

"Nani kakuuliza kompyuta? Mtoto wa watu anangoja."

Mtu akampa peni. Castory akaitazama. Akaketi kwenye mkeka, akaweka kitabu juu ya goti, akafunua karatasi nyeupe. Bibi alikuwa amemshika yule mwanamke kichwani, anapapasa nyuma ya sikio, anatafuta.

"Kovu hili," alisema taratibu. "Kovu hili nalijua. Mwamini! Ulizaliwa radi imepiga mnazi, taa ikazimika, nikakupokea gizani. Nilikujua kwa kelele tu."

"Bado ana kelele!" mtu akapaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Castory akaandika. Herufi zililala huku na huku, nyingine kubwa, nyingine ndogo, miguu imetapakaa. Mwamini akainama juu ya bega lake, pumzi yake ina harufu ya pilau, akaangalia jina lake kwa muda mrefu.

"Usifute," alisema. "Kaza tu wino hapo kwenye M."

Castory akakaza. Nyuma ya Mwamini, yule askari alikuwa ameshavua kofia, ameinamisha kichwa kingoje mkono wa bibi.