Gumba la Chepkurui

Benard aliiba kidole cha chuma cha Kipkemoi, akakiandikisha serikalini kwa jina lake. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Kidole chenyewe kilikuwa kifuniko cha bati cha kuvaa kwenye gumba, chenye makali mbele na springi ya waya wa mwavuli. Mchumaji wa chai akibana kidogo, majani mawili na chipukizi yanakatika bila kiungo kuumia. Kipkemoi alimtengenezea mkewe Chepkurui, ambaye gumba lake lilivunjwa na teke la ng'ombe, likaunga limepinda upande. Alihangaika nacho miaka mitatu, kila Jumapili baada ya kanisa, mpaka mkewe akarudi kuchuma bila kusaga meno kwa maumivu.

Benard alikuwa amesoma. Kipkemoi aliachia darasa la sita. Benard akamwambia, "Nipe mchoro na kimoja cha mfano, nikupelekee Nairobi." Kipkemoi akampa, bila karatasi, bila sahihi. Walitahiriwa pamoja hao, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja. Mtu wa rika lako humwombi sahihi. Ni sawa na kula naye sahani moja huku unamhesabia matonge.

Mwaka uliofuata Benard alifika kituo cha kununulia majani, kule Kimulot, na katoni ya vidole vya plastiki na cheti ndani ya fremu. Wakulima walikuwa kwenye foleni ya mizani. Akamwona Chepkurui na kile cha bati.

"Mama, hicho ni feki," akasema. "Kilichosajiliwa ni hiki changu. Hicho ukiendelea nacho utashtakiwa."

Kipkemoi akatua kikapu.

"Rudia."

"Ndugu yangu, tusiaibishane mbele ya watu. Sheria ni sheria."

"Sheria ilikata mwavuli wa nani? Sema, wewe mwizi! Ilikuwa wapi nikijikata vidole na bati?"

Adongo, karani wa mizani, alikuwa ameshavaa kimoja cha plastiki. "Ai! Benard, hiki kitu kinanipeleka wapi? Kinavuta gumba kama mbuzi anayekataa kamba." Wengine wakajaribu. Kila mmoja alilalamika hivyo hivyo: springi inavuta upande.

Kipkemoi akacheka kicheko kibaya. Akaushika mkono wa mkewe, akauinua juu.

"Waonyeshe, Mama Chelimo. Mnaona hili gumba? Springi ya ule mfano niliipindia hili, na hakuna lingine kama hili Konoin nzima. Huyu mjinga ameiba mpaka teke la ng'ombe wangu!"

Kituo kizima kikaangua kicheko. "Basi cheti kiandikwe jina la ng'ombe!" Adongo akapiga kelele.

Benard hakucheka. Alirudisha vidole vyake kwenye katoni kimoja kimoja, akapangusa kioo cha cheti kwa mkono wa koti.

"Chekeni. Mchoro umesajiliwa vile ulivyo, pamoja na kupinda kwake. Wewe Kipkemoi, una karatasi gani?"

Hakuwa nayo. Alipoenda ofisi ya serikali Kericho kulalamika, dada aliyemhudumia naye alimuuliza swali hilo hilo: tarehe iko wapi, sahihi iko wapi? Kipkemoi akamweleza habari za rika. Dada akamsikiliza kwa adabu, halafu akaita mtu anayefuata. Hazikupita wiki mbili, barua ya wakili wa Benard ikafika nyumbani. Asitengeneze tena, na vilivyoko visitumike. Chepkurui alikivua chake mwenyewe. Hakutaka mumewe afungwe kwa ajili ya kidole.

Hesabu ya hasara ni hii. Jumapili za miaka mitatu. Miavuli mitano. Vidole kumi na kimoja Kipkemoi alivyowatengenezea majirani, kila kimoja kwa gumba la mwenyewe, vilivyorudishwa na sasa vinaota kutu ndani ya debe. Mwanarika mmoja, ambaye Kipkemoi ameapa hatamtupia hata konzi ya udongo kaburini. Na gumba moja, ambalo limeanza kuvimba tena.