Siku Kumi na Nane za Mama Mashuka

Jumatatu saa nne asubuhi, karani wa utumishi aliingiza tarehe mbili kwenye jedwali la kompyuta, akatoa ya kuanza kwenye ya mwisho, akajumlisha moja, maana siku ya kuanza nayo ni siku. Jibu likaja mia tatu sitini na nne. Mikataba yote kumi na tisa ya Mama Mashuka, dobi wa hospitali, ilitoa jibu hilo hilo, na wa mwisho ulikuwa unakwisha leo.

Sheria ilitaka siku mia tatu sitini na tano mfululizo. Ukizifikisha unakuwa wa kudumu, na wa kudumu hutibiwa bure. Kifua cha Mama Mashuka kilikuwa kimeliwa na dawa ya kufulia, na daktari alishamwambia hakitangoja sana.

"Hesabu tena, mwanangu," alisema Mama Mashuka, aliyekuwa amekaa mbele ya meza. "Labda umeruka."

Hakuwa ameruka. Aliyeruka ni mwajiri: mkataba ukiisha, siku moja inaachwa wazi, ndipo mwingine uanze. Karani alilijua hilo vizuri, kwani ndiye aliyekuwa akiziacha. Kwa aibu aliongeza safu ya kuhesabu mapengo. Moja, moja, moja, hadi chini: jumla kumi na nane.

Mlango ukagongwa, zikaingia siku zenyewe kumi na nane. Kila moja ilikuwa Mama Mashuka mwenyewe katika aproni ya mwaka wake, wa kwanza bado ana mashavu, wa mwisho anakohoa. Karani akawavutia mabenchi kutoka koridoni. Mama Mashuka aliwasalimia mmoja mmoja, akamwambia wa tano afunge aproni vizuri.

Karani aliwauliza walikuwa wapi siku hizo. Mmoja alikuwa akimzika mumewe. Kumi na saba walikuwa kazini. Shuka halijui mkataba, walisema, na mgonjwa haachi kujikojolea kwa sababu dobi hana barua.

Mkuu wa utumishi alipita, akawahesabu kwa ncha ya kalamu. Aliwahurumia, tena kwa dhati. Ila siku isiyo na mkataba haiingizwi popote, alisema, hata ije kwa miguu yake.

"Mwandikie mpya. Uanze keshokutwa."

Karani alitaka kuandika kesho. Roho ilimuuma kwelikweli. Lakini mkataba wake mwenyewe ulikuwa mezani kwa mkuu, haujatiwa saini. Akaandika keshokutwa. Mama Mashuka alisema heri nusu shari, akatia saini, akashukuru.

Jumanne alfajiri alikuwa kwenye beseni zake kama kawaida. Saa nne mlango wa karani ukagongwa, akaingia wa kumi na tisa, hawezi kusimama. Wenzake walisogea wakamlaza kwenye benchi. Yule wa kwanza akauliza kama wamwachie nafasi wa ishirini.

Karani alimtazama aliyelala, akasikiliza anavyohema, akasema haitahitajika.